Je, wajua kwa nini Nairobi hadi New York ni saa 15, lakini kurudi ni saa 14?

Tangu Oktoba 2018 kuna ndege ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York. Umbali kati ya viwanja viwili, Jomo Kenyatta (JKIA) na John F. Kennedy, ni karibu kilomita 11,800, uwe unakwenda au unarudi. Ila ratiba husema kwenda ni kama saa 15, kurudi kama 14.

Mama yangu aliposoma saa zilizoandikwa kwenye tiketi alipata jibu la kinyume kabisa. "Mbona kurudi ni kurefu hivi, mwanangu?" Alihesabu kama watu wengi wanavyohesabu. Tuseme unaondoka Nairobi saa sita usiku, mwezi wa Julai. Baada ya saa 15, Nairobi itakuwa saa tisa alasiri, lakini New York iko nyuma kwa saa 7, hivyo unatua saa mbili asubuhi. Kwa tiketi, ni kama umesafiri saa 8 tu! Ukiondoka kule saa sita mchana, unafika Nairobi kesho yake saa tatu asubuhi, ukadhani umekaa angani saa 21. Kila uwanja huandikiwa saa zake, ndiyo maana usitoe tu saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika.

Sasa ile saa moja ya kweli inapotelea wapi?

Wengine husema dunia inazunguka chini ya ndege. Hapana, hewa inazunguka pamoja na dunia. Ruka juu uani kwako uone kama utatua kwa jirani.

Sababu ni upepo. Hewa ya joto ya ikweta hupanda, huelekea kaskazini, na mzunguko wa dunia huipindisha kuelekea mashariki. Huko juu, takriban kilomita 10, mahali ndege kubwa zinapopita, huwa mito ya upepo mkali unaovuma kutoka magharibi, na kilele chake ni majira ya baridi. Manahodha wa majahazi wangeelewa mara moja: kwenda Marekani ni upepo wa omo, yaani wa mbele, kurudi ni wa tezi, wa nyuma.

Hesabu yake ni nyepesi. Ndege inayokata hewa kwa kilomita 900 kwa saa, ikikutana na upepo wa 100 usoni, inasogea juu ya ardhi kwa 800. Upepo huo ukiisukuma kwa nyuma, 1,000. Februari 2024, ndege ya abiria kutoka Washington kwenda London ilipita kilomita 1,280 kwa saa juu ya ardhi kwa msaada wa upepo huo, bila kuvunja kasi ya sauti, kwa kuwa ndani ya hewa yenyewe ilikwenda mwendo wake wa kila siku.

Njia nayo inashangaza. Ukipiga rula kwenye ramani ya ukutani, mstari unapita Mali na Mauritania. Vuta uzi kwenye tufe la dunia uone: unapanda Sahara, Algeria na Moroko, ndipo uingie Atlantiki. Huo ndio mfupi zaidi. Hata hivyo wapangaji wa safari hawaufuati kwa upofu. Kila siku hutazama utabiri wa upepo, na wakati wa kwenda magharibi hukubali kuongeza kilomita kadhaa ili kuukwepa, kwa sababu njia ndefu isiyo na upepo wa mbele huweza kufika mapema na kula mafuta kidogo.