Pumu na COPD (ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa): inhela haigeuzi mtu teja

Dhana: Ukianza inhela (kikopo cha dawa ya kuvuta), mwili unaizoea na huwezi tena kuiacha.

Imani hii inaumiza wengi, maana humfanya mgonjwa akimbilie vidonge. Kidonge cha salbutamoli, dawa ya kufungua kifua, cha miligramu 4 kina dawa mara 40 ya mpulizo mmoja wa mikrogramu 100. Hupitia tumboni na kwenye damu kwanza, ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo kwenda mbio huku kifua kikichelewa kufunguka. Mpulizo huenda moja kwa moja kwenye njia za hewa na kuanza kazi ndani ya dakika chache. Anayeuhitaji kila mara si teja. Pumu yake haijadhibitiwa.

Dhana: Kifua kikifunguka, nimepona.

Salbutamoli hulegeza misuli iliyobana, lakini uvimbe wa ndani hauugusi. Huo hutulizwa na steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni, kwa kufuata ratiba hata siku ambazo hukohoi. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haushauri tena watu wazima na vijana kutibiwa pumu kwa salbutamoli peke yake. Baada ya steroidi, sukutua na uteme maji, la sivyo fangasi huweza kuota mdomoni.

Dhana: Kubonyeza kunatosha.

Hapa ndipo dawa nyingi hupotelea, ikiishia ulimini na kooni. Tikisa inhela, toa pumzi yote, ibane kwa midomo, kisha bonyeza mara tu unapoanza kuvuta hewa polepole. Zuia pumzi kwa sekunde 10. Subiri angalau sekunde 30 kabla ya mpulizo wa pili. Ukishindwa kuoanisha kubonyeza na kuvuta, tumia spesa, chombo chenye uwazi kinachounganishwa na inhela. Hata chupa safi ya plastiki ya mililita 500 hufaa: toboa kitako tundu linalokaza mdomo wa inhela, kisha vutia upande wa shingo ya chupa.

Dhana: COPD ni ya wavuta sigara tu.

Moshi wa kuni na mkaa jikoni kusikopitisha hewa nao huharibu mapafu, na vumbi la kazini vilevile. Kipimo cha COPD ni spirometria, yaani kupuliza hewa kwenye mashine: ikiwa hata baada ya dawa ya kufungua kifua hewa inayotoka sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya yote unayoweza kupuliza, njia za hewa zimeziba. Mvuta sigara akiacha, hata uzeeni, mapafu huharibika polepole zaidi.

Dhana: Shambulio likija, mlaze mgonjwa.

Mkalishe wima. Mpe salbutamoli mpulizo mmoja mmoja, hadi 10. Asipopata nafuu, akishindwa kumaliza sentensi au midomo ikibadilika rangi, mwahisheni hospitali huku mkiendelea kumpa.