Kubana pua hakuongezi alama

Jumanne iliyopita jioni, umeme ukiwa umekatika Sinza nzima, kijana mmoja aligonga mlango wa chumba ninachofundishia tuisheni. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha desa nene lililotolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimefifia. Juu yake mtu kaandika kwa kalamu: insha 20 za IELTS zinazotoka kila mwaka. Alilinunua Mwenge kwa shilingi 15,000. Hata kabla hajakaa akaniuliza, "Ticha, nikizimeza zote ndani ya wiki tatu, saba si naipata?"

Sikumcheka. Ndivyo tulivyovuka kidato cha nne wengi wetu: unatafuta maswali ya miaka iliyopita, unayameza, unaenda kuyatapika kwenye chumba cha mtihani. Kwa mitihani ile njia hiyo ilikuwa na faida yake. Kwa huu, inakula pesa za watu. Na desa ni uvumi mmoja tu. Mtaani kuna mwingine wa kutosha kujaza daladala.

Kwa asiyeujua, IELTS ni mtihani wa Kiingereza unaomilikiwa kwa pamoja na British Council, IDP na Cambridge. Una sehemu nne: kusikiliza kama dakika 30, kusoma dakika 60, kuandika dakika 60, na kuzungumza na mtahini dakika 11 hadi 14. Alama zinaanzia 0 hadi 9, na nusu nusu katikati.

"Meza insha, zitatoka zile zile"

Mada zinafanana, hilo nakubali: elimu, mazingira, utalii, teknolojia. Swali ndilo linalobadilika, na kinachosahihishwa ni jibu la swali.

Kwenye kuandika kuna kazi mbili. Ya kwanza inataka maneno yasiyopungua 150, ya pili yasiyopungua 250, na hiyo ya pili ina uzito mara mbili ya mwenzake. Msahihishaji anaangalia mambo manne yenye uzito sawa: umejibu ulichoulizwa, hoja zako zimeungana, msamiati wako, na sarufi yako. Jibu la kukariri linaanguka kwenye lile la kwanza kabla hata sarufi haijafikiwa.

Nilimpa yule kijana swali pale pale, kwa mwanga wa simu: je, ni haki mtalii wa kigeni kulipa kiingilio kikubwa kuliko mwenyeji? Sisi hapa swali hilo tunaliishi. Aliyewahi kufika geti la hifadhi yoyote ameona bei ya mgeni na bei ya Mtanzania kwenye ubao mmoja. Kijana akainama, akaandika nusu saa bila kuinua kichwa. Aya ya kwanza ilikuwa Kiingereza cha kupigiwa pasi, ikianza na "In this era of globalization", ikieleza utalii unavyoharibu mazingira. Aya ya pili ikarudi kwenye Kiingereza chake mwenyewe, vitenzi bila nyakati, wingi bila "s". Kuhusu kiingilio, aliandika sentensi moja tu mwishoni.

Hata asiye mwalimu angeuona mshono. Ni kanzu nyeupe yenye kiraka cha kitenge. Watahini wamefundishwa kuutafuta mshono huo, na sehemu iliyokaririwa haikuhesabiwi kama uwezo wako. Kwa hiyo nilimwambia jambo lililomuuma: ile aya ya pili yenye makosa ilikuwa na thamani kuliko ya kwanza, maana ilikuwa yake.

"Lazima uongee kama Mzungu"

Huu ndio unaonikera kuliko wote. Kuna watu wanaowalipa walimu wawafundishe kubana pua. Dada anayezungumza vizuri kabisa na wateja wake Kariakoo, ukimweka mbele ya kinasa sauti anageuka mtangazaji wa redio ya ng'ambo, na anakuwa haeleweki hata kwa Mtanzania mwenzake.

Matamshi ni robo ya alama za kuzungumza, na kipimo chake ni kueleweka bila msikilizaji kuhangaika. Lafudhi ya Kitanzania haikatwi alama. Robo tatu zilizobaki ni ufasaha na mtiririko, msamiati, na sarufi.

Badala ya pua, shughulika na mambo ambayo Kiswahili chenyewe kimetuzoesha. La kwanza ni mkazo. Kwetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na tunaubeba mpaka kwenye Kiingereza: tunasema pho-TO-graph, wakati wao mkazo wanauweka mwanzoni. La pili ni irabu tunazoziongeza mwishoni mwa maneno. La tatu ni l na r kwa baadhi yetu, ambapo "light" na "right" zinakuwa kitu kimoja.

La nne ndilo ninalolisikia kila siku ya Mungu. Kiswahili hakituulizi kama anayezungumziwa ni mke au mume, "amefika" inatosha. Ndiyo maana mtu mwenye shahada anasema "my mother, he is a nurse" na wala hajisikii. Jirekodi kwenye simu ukielezea familia yako dakika mbili, kisha hesabu mara ngapi umembadilisha mama kuwa baba. Wengi wanacheka kwa aibu, ila baada ya wiki mbili tatu za kujirekodi wanaanza kujikamata wenyewe kabla neno halijatoka.

"Toa majibu ya watu wakubwa"

Katika sehemu ya pili ya kuzungumza unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa, kisha unaongea dakika moja hadi mbili. Dada mmoja nilimpa kadi ya mazoezi: eleza sehemu yenye maji uliyowahi kutembelea. Akachagua Maldives. Hajafika. Aliongea sekunde 20, "very beautiful, very nice", akanyamaza akiangalia dari.

Nikamuuliza, Coco Beach hujawahi kwenda? Mbona akachangamka! Akaeleza mihogo inavyokaangwa na kumwagiwa kachumbari na pilipili, jinsi mchanga unavyoingia kwenye viatu, jinsi mdogo wake alivyolia alipopigwa na wimbi. Nilimkatiza mimi, muda ulikuwa umepita.

Mtahini hapimi hadhi ya maisha yako, wala hatoi alama kwa kukubaliana na maoni yako. Unaweza kusema mitandao ya kijamii ifungwe au iachwe, alama hazina habari. Anataka kusikia unavyoijenga hoja. Na akikukatiza katikati ya sentensi usiingiwe na baridi. Ana saa mezani na dakika zake zimehesabiwa, basi.

"Mimi nimesoma inglishi midiamu, najiandaa ya nini"

Hawa ndio wanaorudi na nyuso ndefu. Kiingereza wanacho kweli. Wasichokuwa nacho ni mazoea ya kusoma maandishi matatu marefu na kujibu maswali 40 ndani ya dakika 60, na kumeza kiburi pale swali linapogusa kitu wanachokijua.

Kuna aina ya maswali unayotakiwa kusema kama maelezo ni kweli, si kweli, au hayakutajwa. Tuseme andiko linasema: Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, kabla ya hapo wakazi wengi walitegemea vivuko kuvuka kwenda Magogoni. Swali linasema: tangu daraja lifunguliwe, abiria wa vivuko wamepungua. Mtu wa Kigamboni atajibu kwa uzoefu wake. Mmoja atasema kweli, maana siku hizi anapita darajani. Mwenzake atasema si kweli, maana jana tu kabanwa kwenye panton hadi kitufe kikang'oka. Wote wamekosa. Andiko halikugusa idadi ya abiria, kwa hiyo jibu ni kwamba haikutajwa. Unaulizwa andiko linasema nini, yako unayoyajua yaache nyumbani.

Kwenye kusikiliza mtego ni mwingine. Sauti inachezwa mara moja tu, hairudiwi. Mwanzoni mara nyingi kuna mtu anataja jina au anwani herufi kwa herufi, na hapo sikio la Kiswahili linatusaliti: Mwingereza akitaja herufi A, sisi tunasikia "ei" na mkono unaandika E, akitaja E tunaandika I. Jina zima limeharibika, na tahajia ikikosewa jibu limekosewa. Kaa na mwenzako mtajiane majina ya mitaa herufi kwa herufi kwa Kiingereza, kuanzia Kijitonyama hadi Mbezi, mpaka mkono uache kubishana na sikio.

Soma maelekezo pia. Wakisema maneno yasiyozidi mawili, ukiandika matatu umekosa hata kama jibu limo humo. Ila usiache pengo: kwenye kusoma na kusikiliza jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo kubahatisha ni bure.

"Nimefaulu" na "nimefeli"

Mtihani huu hauna kufaulu wala kufeli. Kuna alama, na kuna anayezitaka. Kijana wa Tabata alinipigia kwa furaha kwamba kapata 6.5, ndiyo waliyoitaka chuoni. Nikamwambia nitumie karatasi. Kusikiliza 6.5, kusoma 6.5, kuzungumza 7, kuandika 5.5. Wastani wake ni 6.375, na huo husogezwa hadi nusu iliyo karibu, ndiyo ikawa 6.5. Lakini barua ya chuo chake ilikuwa na mstari wa pili ambao hakuusoma: hakuna sehemu chini ya 6. Simu ikawa kimya kidogo.

Wauguzi wanaolenga Uingereza wasikilize zaidi. Baraza la wauguzi la kule, NMC, linataka 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Wastani mzuri peke yake hauwasaidii.

Halafu kuna aina mbili za mtihani. Ya kitaaluma ndiyo inayotakiwa na vyuo vikuu. Ya jumla hutumika zaidi kwa uhamiaji, kwa mfano wanaoomba ukaazi wa Kanada kwa kazi. Kusikiliza na kuzungumza ni sawa kwa zote mbili, kusoma na kuandika ni tofauti. Nimemwona mtu aliyelipia isiyo yake kwa sababu rafiki alimwambia ni nyepesi. Ada hii si ya kuchezea. Na anayekwenda Uingereza aulize kama viza yake inataka ile ya UKVI, yaani ya idara ya viza na uhamiaji ya kule: muundo ni ule ule, ila lazima ufanyike kwenye kituo kilichoidhinishwa kwa kazi hiyo.

Kabla ya yote, uliza kama unauhitaji kweli. Vyuo vingi hupokea mitihani mingine kama TOEFL, na vingine huridhika na barua ya chuo chako kuthibitisha kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza. Barua pepe moja kwa ofisi ya udahili haigharimu kitu zaidi ya bando.

Mengine ya mtaani, haraka haraka

Kwamba wa kompyuta ni rahisi kuliko wa karatasi: usahihishaji ni mmoja. Faida ya kompyuta ni kwamba majibu hutoka mapema na idadi ya maneno unaiona kwenye skrini. Kama unachapa kwa vidole viwili ukitafuta herufi, faida hiyo itaondoka na dakika zako.

Kwamba ukikosa unasubiri miezi 3: sheria hiyo ilishaondolewa. Unaweza kurudia wakati wowote unapopata nafasi na ada. Tatizo ni wanaorudia wiki inayofuata bila kubadilisha chochote, wakitegemea bahati. Matokeo huhesabika kwa miaka 2, kwa hiyo usikimbilie kuufanya kama chuo bado hujakijua.

Kwamba yupo mtu wa ndani anauza vyeti: huyo ni tapeli, na anajua huwezi kwenda kumshtaki. Chuo hakiishii kwenye karatasi yako, kinaingia kwenye mfumo wa mtandaoni na kuyaona matokeo yenyewe.

Yule kijana wa bahasha bado anakuja, Jumanne na Alhamisi. Wiki hii kaandika insha tatu, zote na makosa yake mwenyewe, na ya tatu ilijibu swali kuanzia mstari wa kwanza. Desa hakulitupa, elfu kumi na tano si kidogo. Waliolitoa kopi walichapa upande mmoja tu wa karatasi, kwa hiyo upande wa pili ndio anaoandikia mazoezi.