Tabasamu si Kipimo: Namna ya Kumtambua Mkimbiaji Aliye Hatarini Barabarani

Msimu wa mbio za barabarani unapokaribia hapa Moshi na Arusha, malalamiko yanayotufikia sisi wa huduma ya tiba michezoni ni yale yale, na sasa yanaongezeka. Wapo wanaosema: mmemtoa mtu wetu barabarani ilhali alikuwa anatabasamu. Wapo wanaolaumu kinyume chake: mlimwona amekunja uso namna ile, mbona mlimwacha aendelee? Lawama zote mbili zina chanzo kimoja. Watu wanamsoma mkimbiaji usoni, na uso wa mtu aliye kwenye ushindani unadanganya kuliko kiungo kingine chochote.

Hatuna shaka na nia ya wanaolalamika. Ila tunaomba wasimamizi wa njia, viongozi wa klabu za jogingi, familia na wote wanaosimama kando ya barabara wajifunze kutazama kitu sahihi, maana wao ndio wanaomwona mkimbiaji kabla yetu.

Mwaka 2012 watafiti Hillel Aviezer, Yaacov Trope na Alexander Todorov walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwaonyesha watu picha za wachezaji wa tenisi waliotoka kushinda au kupoteza pointi. Walioonyeshwa uso peke yake hawakuweza kutofautisha aliyeshinda na aliyeshindwa. Walioonyeshwa mwili bila uso waliweza. Tena walioona picha nzima waliamini kwamba wamesoma usoni, wakati ukweli ni kwamba mwili ndio uliowaambia.

Kwenye riadha ni hivyo hivyo. Emil Zátopek wa Chekoslovakia alikimbia kichwa kikiwa kimelala begani na uso umejikunja kwa maumivu, akaondoka kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 na dhahabu za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni. Paula Radcliffe wa Uingereza alitikisa kichwa kila hatua, na London mwaka 2003 akaweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake, saa 2:15:25. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, hutabasamu makusudi maumivu yanapozidi. Makocha wengi sasa wanafundisha mbinu hiyo, kwa sababu kulegeza uso husaidia kulegeza mabega. Kwa hiyo tabasamu la kilomita ya 35 halimaanishi kwamba mtu ni mzima, na ndita hazimaanishi kwamba ni mgonjwa. Kinachotafutwa ni badiliko: kile ambacho mkimbiaji huyu hakuwa nacho kilomita mbili zilizopita.

Anza kumtazama akiwa bado mbali, na uanzie chini. Mita hamsini zinatosha kuuona mstari wake. Mkimbiaji aliyechoka tu hufupisha hatua, lakini habanduki kwenye mstari wake. Aliye hatarini huuacha: huvuka katikati ya lami, hurudi ukingoni, hupinda kona kwa upana bila sababu. Nyayo zake utazisikia kabla hajakufikia, kwa kuwa hutua bapa kwa kishindo, au ncha ya kiatu kimoja huburura. Kwa wanaosimamia barabara ya Mweka, zingatieni jambo hili: wakati wa kushuka, dalili hizi hujificha, kwani mteremko humbeba mtu hata kama miguu imekwisha nguvu. Hujitokeza pale barabara inaponyooka tena. Ndiyo maana tunasisitiza msimamizi awepo mwisho wa mteremko, si kilimani peke yake.

Akifika mita ishirini, hamia kwenye mikono na kiwiliwili. Mikono ya mkimbiaji hupishana na miguu kwa mpigo mmoja. Mkono mmoja ukiacha kupiga, viwiko vikishuka na viganja vikafunguka na kuning'inia, au kiwiliwili kikainama upande mmoja huku miguu ikihangaika kukifuata, ujue ubongo hauongozi tena mwili ipasavyo. Hapo usipige kelele za "kaza, umebakiza kidogo!" Anayeishiwa uwezo wa kuamua hutii sauti za watu, na kelele hizo humsukuma kuendelea wakati alipaswa kusimama.

Akiwa karibu yako, mwite kwa jina au kwa namba ya kifuani. Macho ya mtu aliye sawa yatakugeukia, hata kama hataki kujibu. Macho ya aliye hatarini yatapita juu yako, au yatakutazama bila kukuona. Usitafute wekundu wa ngozi unaotajwa kwenye vitabu vingi vya huduma ya kwanza. Kwenye ngozi nyeusi hauonekani. Tazama sehemu ya ndani ya mdomo wa chini, ulimi na viganja: vikiwa vimepauka au vina rangi ya majivu, hiyo ni taarifa. Kama amevaa spika za masikioni, mpungie mkono kwanza kabla ya kuamua kwamba haelewi.

Kisha tembea naye sambamba, bila kumshika, umuulize mambo matatu: jina lake, anakimbia umbali gani, na kituo cha maji cha mwisho amekipita wapi. Majibu yaje ndani ya sekunde chache na yawe na maana. Akirudia swali lako badala ya kulijibu, akitaja jina la mji mwingine, au akakukaripia kwa ukali usio wake, toa taarifa mara moja. Ukali huo watu huutafsiri vibaya sana. Utasikia "anaringa", "kalewa", "ana mashetani". Hana lolote kati ya hayo. Joto la ndani la mwili likipita nyuzi 40 za Selsiasi, ubongo huvurugika, na mtu mpole hugeuka mkali au huanza kupiga vijembe visivyoeleweka.

Hiki ndicho kiharusi cha joto, na Moshi ya Februari na Machi, kabla masika hayajaanza, ina kila kinachohitajika kukileta: jua kali, kilima na watu wanaotaka muda mzuri. Dhana inayotusumbua zaidi ni ile ya jasho. Bado tunaambiwa, tena na watu waliosoma, kwamba mtu anayetoka jasho hawezi kuwa nacho. Si kweli. Aliyepata kiharusi cha joto akiwa mbioni mara nyingi amelowa jasho chapachapa. Mwaka 1984, kwenye marathoni ya wanawake ya Olimpiki ya Los Angeles, Gabriela Andersen-Schiess wa Uswisi aliingia uwanjani amepinda upande mmoja, mkono ukining'inia, akatumia karibu dakika sita kuzunguka mzunguko wa mwisho. Madaktari walimwacha amalize kwa sababu alikuwa bado anatoka jasho. Alipona. Leo, mtu wa kwetu aliyepinda namna ile hataachwa aende hata mita mia.

Kipimajoto cha kwapani au cha paji la uso hakifai hapa. Upepo na jasho hushusha kipimo, na mtu mwenye nyuzi 41 ndani huonekana ana 37. Kipimo sahihi hupitia njia ya haja kubwa, na hufanywa na watoa huduma wetu, ndani ya hema, kwa kumsitiri mgonjwa. Familia zinazokataa kipimo hicho kwa aibu tunazielewa, lakini hatuna mbadala wake unaoaminika uwanjani.

Matibabu ni kupoza kwanza na kusafirisha baadaye. Tunarudia: kupoza kwanza. Lengo ni kushusha joto ndani ya dakika 30 tangu alipoanguka. Hospitali hata ikiwa karibu, kumpakia, kupenya msongamano wa siku ya mbio na kumpokea kunakula dakika hizo zote. Kumweka katikati ya watu wawili kwenye bodaboda ni hatari mara mbili. Hemani tunatumia diaba kubwa au pipa lililokatwa kwa urefu, lenye maji na barafu, na mgonjwa huingizwa hadi shingoni huku mtu mmoja akimshika kwapani ili kichwa kisizame na mwingine akiyakoroga maji, kwa maana maji yaliyotulia hupata joto karibu na ngozi. Anatolewa joto linaposhuka hadi karibu nyuzi 39, ili lisije likashuka kupita kiasi. Ikiwa hema liko mbali, mvue viatu na fulana, mweke kivulini, mmwagie maji mfululizo mwili mzima, mfunike kwa khanga zilizoloweshwa maji ya barafu, zibadilishwe kila zinapopata uvuguvugu, na mpepeeni. Usimmiminie maji mdomoni mtu asiyejielewa. Yataingia mapafuni.

Si kila anayeanguka ana hali hiyo. Anayeanguka baada ya kuvuka mstari wa kumaliza, akili yake ikiwa sawa, mara nyingi ameanguka kwa sababu amesimama ghafla: misuli ya miguu iliyokuwa inasukuma damu kurudi moyoni imeacha kazi, presha imeshuka. Mlaze, inua miguu yake juu ya usawa wa moyo, na kwa kawaida atazinduka vizuri baada ya dakika chache. Anayeanguka kabla ya mstari ndiye wa kukimbiliwa. Hata akiinuka, usidhani hatari imekwisha. Callum Hawkins wa Scotland aliongoza marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Gold Coast mwaka 2018 hadi zikabaki kilomita kama mbili. Alianguka, akainuka, akaanguka tena.

Yupo pia aliyekunywa maji kupita kiasi. Huyu mara nyingi ni wa nyuma, amekaa barabarani zaidi ya saa nne, na amekunywa kila kituo kwa kuwa ameambiwa anywe kabla ya kiu. Uso wake umevimba, pete imembana, anatapika, kichwa kinamuuma, anachanganyikiwa. Sodiamu katika damu imeshuka. Kumwongezea maji ni kumuumiza zaidi. Mkimbiaji anywe anapohisi kiu, basi.

Na yupo anayedondoka ghafla bila kuyumba, bila hata kutanguliza mikono kuukinga uso. Huyo ni moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Kujitikisa kwake si kifafa, na kukoroma kwake si kupumua. Mchezaji wa soka Christian Eriksen wa Denmark alidondoka hivyo Juni 12, 2021, katikati ya mechi, na kilichomwokoa ni kifua kubonyezwa na moyo kushtuliwa pale pale uwanjani. Bonyeza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka mashine ya kushtua moyo ifike.

Sasa kuhusu kanuni, ambazo ndizo zinazozua ugomvi mwingi. Kwa kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, mkimbiaji akiamriwa na mtoa huduma rasmi wa tiba kuacha mbio, anaacha papo hapo. Amri hiyo haihitaji idhini ya kocha, mume, mke wala mfadhili. Kumpima mkimbiaji barabarani hakuhesabiwi kuwa ni msaada usioruhusiwa, hivyo hofu kwamba "mkimgusa atafutwa" haina msingi pale anayemgusa ni mtu wa tiba aliyeteuliwa na waandaaji. Mwananchi anayemshika mkono na kukimbia naye ndiye anayemharibia. Mkimbiaji mwenzake anaweza kumsaidia kusimama tena alipoanguka. Kumkokota kwenda mbele hairuhusiwi. Maji au soda kutoka nje ya vituo rasmi ni kosa pia, isipokuwa kwa sababu za kitabibu kwa maelekezo ya maofisa: mara ya kwanza ni onyo la kadi ya njano, mara ya pili ni kadi nyekundu na kuondoka barabarani. Wale wanaowapa wakimbiaji wa mbele juisi ya miwa kwa upendo waelewe kwamba wanaweza kumgharimu mtu nafasi yake.

Pingamizi kuhusu matokeo hutolewa kwanza kwa mdomo, na mkimbiaji mwenyewe au mwakilishi wake, kwa mwamuzi mkuu, ndani ya dakika 30 tangu matokeo rasmi yatangazwe. Rufaa huandikwa, husainiwa na kuambatana na amana. Katika mashindano ya kimataifa ni dola 100 za Marekani au thamani yake, na hairudishwi rufaa ikishindwa. Kutuvamia hemani wakati mgonjwa yuko kwenye barafu si utaratibu wa rufaa.

Tunapomtoa mtu, karibu kila mara hutajwa jina la John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni wa Tanzania. Ni haki kumtaja kwa heshima. Kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 aliumia vibaya, akafungwa bandeji, akamaliza zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Lakini Akhwari aliumia goti, akili yake ilikuwa timamu, na aliamua mwenyewe kuendelea. Aliyepata kiharusi cha joto hawezi kuamua; kiungo cha kuamulia ndicho kilichoshikwa. Kumlinganisha na Akhwari ni kutomtendea haki yeyote kati yao.

Mwisho, namba ya kifuani. Nyuma yake kuna nafasi ya jina, simu ya ndugu, dawa unazotumia na mzio ulio nao. Wengi huiacha tupu, au huandika simu yao wenyewe, ambayo wakati huo inaita ndani ya begi walilokabidhi kwa waandaaji. Ijazeni kwa kalamu ya wino usiofutika siku mnayoichukua, kabla ya kuibana kwenye fulana. Anayemwuzia au kumwazima mwenzake namba yake atambue kwamba mwenzake akianguka, tutampigia simu mama wa mtu mwingine, na dawa tutakazozizingatia hazitakuwa za yule aliyelala mbele yetu.