Taa za Gari la Zamani Zikififia, Usianze na Balbu

Mwenye gari la zamani akiona taa za mbele zimefifia, hukimbilia kununua balbu kali zaidi. Sisi tunaofundisha umeme wa magari tunaanza na mita ya volti. Washa injini na taa, kisha pima kwenye betri: utasoma karibu volti 14. Sasa pima nyuma ya balbu. Ukikuta 12 tu, umeme unaishia njiani, kwenye swichi iliyochakaa, soketi iliyolegea au, mara nyingi zaidi, pale waya wa ethi, yaani wa kurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, unapofungwa kwenye bodi pakiwa na kutu. Balbu ya halojeni haivumilii hali hiyo: volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30.

Fungua skrubu ya ethi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi. Kama umeme wote wa taa unapita kwenye swichi, ongeza relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo. Swichi itabaki kutoa amri tu, na taa zitapata umeme kutoka kwenye betri kwa waya mnene wenye fyuzi karibu na betri.

Balbu ya kawaida ya H4, aina ya halojeni yenye taa za juu na za chini ndani ya balbu moja, ni wati 60 kwa taa za juu na 55 kwa taa za chini. Zipo za wati 100, nami siwashauri kuzifunga kwenye waya wa zamani. Nimechomoa soketi iliyobeba balbu hizo: plastiki imegeuka kahawia, imelegea kama nta, na inanuka moto. Balbu za LED ndani ya taa iliyoundwa kwa halojeni nazo zina hatari yake. Mwanga usipotokea mahali uleule ulipokuwa uzi wa halojeni, hutawanyika na kumpofusha dereva anayekuja mbele yako.

Unapobadilisha halojeni, usishike kioo chake kwa vidole. Ukikigusa, kifute kwa spiriti, maana mafuta ya ngozi hukiunguza. Kava la plastiki likigeuka njano, lisugue kwa msasa wa maji, ulipolishi, kisha upake kinga ya jua. Bila kinga hiyo unjano hurudi upesi.

Indiketa ikianza kupepesa haraka, zunguka gari utafute balbu iliyoungua. Ukifunga za LED itapepesa hivyohivyo, kwa kuwa zinavuta umeme kidogo, na utahitaji flasha (kifaa kinachopepesesha indiketa) ya kielektroniki.

Kuna dalili moja nyuma ya gari inayowagharimu wengi balbu bure: unakanyaga breki, na indiketa au taa ndogo ya upande huohuo inawaka hafifu. Hapo umeme umekosa njia ya kurudi, unapitia kwenye balbu ya jirani. Fuata waya wa ethi wa taa hiyo mpaka kwenye bodi, ukausafishe.