Shali ya lesi haipanuliwi kwa kuongeza vitanzi ovyo

Jana jioni dada mmoja ameniletea shali ya lesi, ile ya matundu inayofumwa kwa sindano mbili, hapa Kirumba, maua yamehama njia kuanzia mstari wa tano. Amefanyaje? "Nilitaka iwe pana, nikaanzisha na vitanzi 12 vya ziada." Huyu ni wa nne mwaka huu, na uzi ni hela. Leo nasema.

Kila tundu la lesi ni uzi uliorushwa juu ya sindano, na uzi uliorushwa ni kitanzi kipya. Ndiyo maana jirani yake pana vitanzi viwili vilivyofumwa pamoja: kimoja kimeingia, kimoja kimetoka. Ua, yaani mchoro unaojirudia, likiwa la vitanzi 10 linataka nyongeza ya 10, 20 au 30. Ukiweka 12, viwili vinabaki havina pa kukaa na vinasukuma wenzao. Najua kosa linakotoka. Wengi tumeanza na vitambaa vya makochi kwa krosheti, sindano moja ya ndoano, ambako kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, unaongeza ukingoni unavyotaka. Kwenye sindano mbili vitanzi vyote viko wazi kwa pamoja.

Hiyo ni shali ya mstatili, nyepesi. Inayotesa ni ya pembetatu. Unaanzia shingoni, na kila mstari wa mbele, yaani kila mstari wa pili, unaongeza vitanzi 4: kimoja kila ukingo, viwili kandokando ya uti wa katikati. Kwa hiyo kila nusu ya shali hupata 2 kwa mistari 2. Ua la vitanzi 10 na mistari 10 linajipanga lenyewe, kwani ukimaliza mistari 10 kila nusu imeongezeka ua moja kamili. Sasa mtu anapenda ua la vitanzi 8 na mistari 12, analichomeka humo. Kwa mistari 12 kila nusu ya shali imepata vitanzi 12, yaani ua moja na nusu! Mpaka ufike mistari 24 ndipo upate maua matatu kamili. Katikati hapo ile nusu ya ua lazima uijaze kwa vitanzi vya kawaida ukingoni. Chora kwanza kwenye daftari la miraba, kila mraba kitanzi.

Kama shida ni ukubwa tu, badilisha uzi na sindano. Vitanzi 200, vikienda 20 kwa sentimita 10, ni mita moja. Vikienda 16, ni sentimita 125, na ua halijaguswa. Ila pima kipande kilicholoweshwa, kikavutwa kwa pini, kikakauka.

Kwenye pini ndipo mimi mwenyewe sina uhakika. Sufu ikivutwa mbichi, hukaa. Akriliki, ambayo ndiyo tunayoipata kirahisi madukani, hurudi. Mvuke wa pasi huilaza, lakini ukizidi kidogo inalegea na hairudi tena. Nimeshapoteza shali mbili hivyo, na kila uzi mpya mkono wangu bado unasita.

Ya yule dada tumeifumua yote. Jumamosi anaanza upya, ziada vitanzi 20.