Vijiko vya Fedha vya Enzi za Akina George: Anzia Mgongoni

Kuanzia 1714 hadi 1830 Uingereza ilitawaliwa na wafalme wanne walioitwa George, mmoja baada ya mwingine. Vijiko vya fedha vya enzi hizo bado vinauzwa, na mnunuzi mgeni huvitazama mbele tu. Kigeuze.

Vijiko vya mtindo wa Hanoverian ncha ya mpini imepinda juu kidogo, kwani mezani vilipangwa kifudifudi. Ndiyo maana herufi na nembo za ukoo zilichongwa nyuma. Vya kabla ya miaka ya 1730 aghalabu vina tuta jembamba linaloshuka mgongoni mwa bakuli, yaani sehemu ya kijiko inayochota, na huitwa mkia wa panya. Baadaye vijiko vya chai vikatiwa picha pahala hapo: kombe, merikebu, mganda wa ngano, hata ndege aliyetoka tunduni, alama ya wafuasi wa mwanasiasa John Wilkes. Picha hizi husuguka upesi, kwa hiyo ukikuta manyoya ya ndege bado yanahesabika, umepata kitu. Kuanzia karibu 1760 ukaja mtindo wa Old English: ncha ikapinda chini, kijiko kikalazwa chali, nakshi zikahamia mbele.

Chukua lenzi usome mihuri, alama ndogo zilizogongwa kwenye fedha. Simba anayetembea ni fedha yenye sehemu 925 halisi kwa kila 1000. Herufi moja huonyesha mwaka, na herufi za jina ni za sonara. HB ya mwandiko wa kuunga ni Hester Bateman, aliyesajili muhuri wake London mwaka 1761. Kichwa cha mfalme ni alama ya kodi iliyoanza Desemba 1784. Kijiko cha London kinachodaiwa ni cha 1800 na hakina kichwa hicho, kitilie shaka. Hadi karibu 1780 mihuri ilipigwa karibu na bakuli, mpini unapokuwa mwembamba, ikabonyea. Mihuri iliyopinda hapo si dalili ya kughushi.

Bakuli huliwa upande wa kushoto wa ncha, maana wengi hutumia mkono wa kulia. Likipigwa tupa ili lilingane, hubaki fupi na butu. Nembo iliyofutwa huacha fedha nyembamba: bonyeza kwa kidole gumba, kisha pulizia pumzi, kwenye ukungu ule michoro ya zamani na lehemu hujitokeza.

Vijiko vyenye matunda yaliyotokeza bakulini na rangi ya dhahabu vina mtego wake. Mihuri ni ya kweli, ila matunda mengi yaligongwa enzi za Malkia Victoria juu ya vijiko vikongwe visivyo na pambo.