Kilo ya mbaazi kwa kilo ya sembe

Kuna siku moja ya mwaka 2017 hainitoki kichwani. Niko nyumbani kwa mjomba, Newala, kusini mwa Tanzania, na ukumbini yamepangwa magunia 11 ya mbaazi hadi yanakaribia bati. Sakafuni, pembeni mwa gunia la chini, kuna unga mwembamba mweupe. Fukusi walishaingia kazini. Mjomba akatumbukiza mkono guniani, akanimiminia kiganjani mbaazi zenye matundu. "Mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, "pokea mali yako."

Mali yangu kweli. Mwishoni mwa 2016 ni mimi, mchumi wa kilimo wa ukoo mzima, niliyemshauri aongeze ekari mbili za mbaazi. Msimu wa 2015 bei ilikuwa imevuka shilingi 2,000 kwa kilo, na kila aliyekuwa na jembe alikuwa anapanda. Sasa mnunuzi aliyepita asubuhi ile na mizani yake alikuwa ametaja shilingi 150. Hakubembeleza. Alitaja, akawasha pikipiki.

Mjomba alidhani tunaibiwa na madalali. Nami nisingesema madalali ni malaika, ila safari hii bei ilikuwa imeuliwa mbali sana na Newala.

India ndiyo inayolima mbaazi nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na ndiyo inayozila zaidi, zikiwa zimekobolewa na kupasuliwa. Mwaka 2014 na 2015 mvua zao zilikuwa haba, na mwaka 2015 mbaazi hizo zilifika rupia 200 kwa kilo madukani. Shilingi 2,000 ya mjomba ilitoka huko. Lakini wakulima wa kule nao waliiona bei ile wakapanda, kama mjomba alivyofanya. Mvua ya 2016 ikawa njema, na mavuno yao yakaruka kutoka tani kama milioni 2.6 hadi karibu milioni 4.9. Bei sokoni kwao ikaanguka chini ya ile ambayo serikali yao ilikuwa imewaahidi wakulima. Tarehe 5 Agosti 2017 India ikaweka kikomo: mbaazi za kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka wa fedha. Mwaka uliotangulia walikuwa wameagiza kama tani 700,000.

Siwalaumu. Serikali ile ilikuwa inamlinda mjomba wa mtu mwingine. Ninachotaka uone ni tarehe. Mwanzoni mwa Agosti, mbaazi za Mtwara na Lindi zimeshakauka mtini, nyingine ziko uani zinapigwa fimbo. Gharama yote mkulima ameshaitoa. Hawezi kurudi Desemba akapanda kitu kingine.

Ng'ambo ya Ruvuma hali ilikuwa tofauti kidogo. Julai 2016 Msumbiji ilitia saini makubaliano na India: iiuzie India tani 100,000 mwaka wa kwanza, zikipanda hadi 200,000 ifikapo 2020/21. Mzigo wa makubaliano hayo haukuguswa na kikomo. Mbaazi ni ileile, udongo ni uleule, mto mmoja tu katikati, na upande mmoja una karatasi.

Wapo waliosema basi tuzile wenyewe. Tunazila, mbona! Mbaazi za nazi kwa mandazi asubuhi, mbaazi mbichi zilizochemshwa na maganda yake, kitoweo cha ugali wa muhogo. Lakini mlaji wa hapa hawezi kumaliza zao lililolimwa kwa ajili ya watu zaidi ya bilioni moja. Zao ambalo soko lake la nyumbani ni dogo hivyo halina sakafu: mnunuzi wa nje akiondoka, bei haishuki ngazi moja, inaporomoka mpaka chini.

Upande wa pili wa habari hii hausemwi sana. Mkulima wa huku anauza asichokula, na anakula alichonunua. Anauza korosho, ufuta na mbaazi. Sembe ya dukani kwa kiasi kikubwa ni mahindi ya Songea, yamekuja kwa lori kupitia Tunduru na Masasi. Kwa hiyo kizuizi cha biashara kinaweza kumgusa mara mbili, mara moja kama muuzaji na mara moja kama mlaji. Mwaka huohuo wa 2017, mwezi Juni, serikali yetu ilipiga marufuku kupeleka mahindi nje ya nchi ili chakula kisikauke nchini. Songea na Sumbawanga wakulima wakalia, maana mahindi yalijaa na bei ikashuka. Je, kwa mjomba haikuwa heri? Sembe nafuu!

Tangu hapo nina kipimo changu ambacho hutakikuta katika ripoti yoyote: kilo moja ya mbaazi inanunua kilo ngapi za sembe? Tuchukue sembe kwa shilingi 1,000, ili hesabu iwe nyepesi. Mbaazi ikiwa 2,000, kilo moja inaleta kilo mbili nyumbani. Mbaazi ikiwa 150, unabeba karibu kilo saba za mbaazi ili urudi na kilo moja ya sembe. Punguza bei ya sembe hata kwa robo, bado unabeba kilo tano. Unafuu wa chakula unamfaa mwenye hela mfukoni, na hela ya mjomba ilikuwa imekaa ukumbini inaliwa na fukusi. Mkulima wa Songea naye, akiuza kwa hasara mwaka huu, mwakani anapunguza shamba, na lori linalokuja Masasi linakuja na bei nyingine.

Kilichowaokoa wengi mwaka ule ni korosho. Minada ya msimu wa 2017/18 ilifika hadi shilingi 4,000 kwa kilo na kupita. Mwenye mikorosho alizisahau mbaazi. Asiye nayo ndiye aliyeumia.

Na korosho nayo ina kizuizi chake, ila hiki ni cha kwetu wenyewe. Korosho ghafi ikitoka nchini inatozwa ushuru wa asilimia 15 ya bei yake ikiwa melini, au dola 160 kwa tani, kinachozidi kati ya hivyo. Lengo ni jema: tubangue wenyewe badala ya kuwapelekea kazi India na Vietnam. Lakini nani analipa? Anayetoa hundi ni msafirishaji. Kabla ya kuandika zabuni yake, anaanza na bei atakayoipata kule, anatoa nauli ya meli, anatoa ushuru, anatoa faida yake, na kinachobaki ndicho anachokitaja mnadani. Dola 160 kwa tani ni senti 16 kwa kilo. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni angalau shilingi 400 kwa kila kilo. Kwenye malipo yake mkulima ataona makato ya AMCOS (chama chake cha ushirika), ya chama kikuu cha ushirika, ya halmashauri. Hii 400 hataiona popote, kwa sababu ilikatwa kabla bei haijatajwa.

Ningeitetea kama ingerudi shambani yote kwa njia ya salfa ya kupulizia mikorosho, magunia na miche. Awali asilimia 65 ilikuwa inarudi kwenye zao. Katikati ya 2018 sheria ikabadilishwa, fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina, na wabunge wa kusini wakapiga kelele bila mafanikio. Mimi kosa langu ni la ekari mbili tu, na bado nalisikia kila sikukuu.

Mbaazi zilikuja kupona. Mei 2021 India ilifungua tena mlango, na tangu hapo ruhusa imekuwa ikiongezwa kipindi baada ya kipindi, mwisho wake mara nyingi ukiangukia tarehe 31 Machi. Sasa zinauzwa mnadani kupitia AMCOS, na mjomba amerudi kupanda. Ila weka kalenda mbili sambamba. Mbegu inaingia ardhini Desemba au Januari. Ruhusa inafika ukingoni Machi, mbaazi zikiwa bado majani. Mavuno ni Julai na Agosti.

Desemba iliyopita alinipigia simu akiwa shambani, nasikia jembe linagonga mawe.

"Mjomba, Wahindi wanasemaje?"

"Mpaka Machi wako wazi."

"Mimi nakuuliza Agosti."

Nikanyamaza. Akasema anapanda ekari moja, ya pili ataweka mihogo.